Wageni wanakuja Jumamosi na nyumba haijaisha: dalili, chanzo na la kufanya

Simu ilikuja Jumatano usiku. Upande wa kijana wameshakubaliana: wazee wanne na mama wadogo wawili watatoka Tanga kuleta barua ya posa ya mdogo wangu, Jumamosi ya wiki inayofuata, na kwa kuwa safari ni ndefu watalala kwetu. Mama alishukuru, akaweka simu mezani, kisha akainua macho kwenye doa la kahawia la dari ya sebule. Siku kumi, mwezi wa Aprili, masika yamekolea.

Nyumba yetu iko Chanika, na tuliihamia kama nyumba nyingi za Dar es Salaam zinavyohamiwa: bati limepigwa, milango imewekwa, familia ikakimbia kodi ya pango, umaliziaji ukaachwa "tukipata". Hiyo "tukipata" ikala miaka. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya siku zile kumi, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kusaidia ndugu na majirani waliopigiwa simu ya namna hiyo hiyo. Nimeyapanga kwa dalili. Mwenye siku kumi anataka kujua anachokiona kinatokana na nini, na kama kinatibika kabla ya Jumamosi.

Kabla ya kushika nyundo

Toka nje ya geti, uingie upya kama mgeni. Fungua geti mwenyewe, pita uani, vua viatu mlangoni, kaa kwenye kiti atakachokalishwa mzee, nawa mikono pale watakaponawa, nenda choo watakachoelekezwa. Kila kitu kilichokusumbua kiandike, na mbele yake andika mambo mawili: nini kiliisimamisha kazi hiyo, na itahitaji muda gani kukauka.

Hilo la kwanza ndilo lililotuokoa. Sote tulidhani kazi zetu zimelala kwa kukosa pesa. Tulipoandika, tukakuta mlango wa bafu unasubiri bawaba moja, bomba la uani linasubiri washa ya mpira, na swichi ya korido inaning'inia kwa sababu skrubu zake mbili zilipotea siku ya kupaka rangi. Kati ya kazi kumi na saba, tisa zilikosa kitu kidogo kinachopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Mama alivinunua vyote Alhamisi asubuhi kwa safari moja.

La pili, kukauka, ndilo linaloamua kazi ipi itangulie. Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya wageni. Lipu mpya inataka kama wiki nne kabla ya kupakwa rangi, kwa hiyo ndani ya siku kumi usiguse lipu unayotaka kuipaka. Rangi ya mafuta inataka saa 16 hadi 24 kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Gundi ya marumaru saa 24 kabla ya kujaza grauti (ile saruji laini ya mianya), na grauti nayo saa 24 kabla haijamwagiwa maji. Silikoni ya pembeni mwa sinki, saa 24. Hizo ni saa za hali ya hewa kavu. Masika ongeza nusu yake, na chumba kiwe na madirisha wazi.

Dalili: fundi hapokei simu

Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Ama ulimlipa yote mwanzoni, pesa ya vifaa vyako ikamalizia kazi ya mtu mwingine, sasa anaona haya kukutazama. Ama wewe ndiye unayedaiwa na unajifanya umesahau. Kama unadaiwa, lipa kwanza, kisha ndipo upige. Kama anadaiwa yeye, usianze na deni. Mama alimpigia kwa simu ya jirani, maana ya kwetu ilikuwa haipokelewi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo mama. Samahani sana, nilikuwa nakutafuta..."

"Mwanangu, Jumamosi ijayo nina wageni wa posa. Ya nyuma sikuulizi. Njoo unimalizie bafu moja tu. Vifaa ninavyo, na ukimaliza unaondoka na hela yako siku hiyo hiyo."

Alikuja kesho yake saa moja asubuhi. Kilichomleta ni kwamba kazi ilikuwa moja, ina mwisho unaoonekana, vifaa vipo ndani, na malipo yanafuata kazi. Ukimwambia "njoo umalizie nyumba", utampoteza tena.

Dalili: doa la kahawia kwenye dari

Chanzo ni maji, na maji hayo mara nyingi hayatoki juu ya doa lenyewe. Yanaingia mahali pengine, yanatembea juu ya mbao ya kenchi, yanadondoka pale mbao inapoishia au inapogusa msumari. Kwa hiyo usipande kuziba bati lililo juu ya doa kwa kubahatisha. Mvua inaponyesha, au asubuhi yake, chungulia ndani ya dari kwa tochi, ufuate njia ya maji kwenye mbao hadi mwanzo wake. Utaishia sehemu moja kati ya hizi: mpira wa msumari wa bati uliopasuka kwa jua, kofia ya paa iliyonyanyuka, bonde la paa lililojaa majani, au pale bati linapokutana na ukuta. Paa likikauka ndipo mtu apande. Bati lenye maji linateleza, na hakuna posa inayostahili mguu wa mtu kuvunjika.

Kisha bonyeza jipsamu kwa kidole. Ikiwa ngumu, itaokoka. Ikibonyea kama mkate uliolowa, kata kipande hicho ubadilishe, kwa sababu siku moja kitaanguka chenyewe. Ukikuta dari imetuna tumbo, maji yamejikusanya: zima umeme wa taa ya hapo, weka ndoo chini, toboa kitundu kidogo kwa bisibisi yashuke taratibu.

Sasa kosa ambalo nimeliona nyumba nyingi. Watu wanapaka rangi ya maji juu ya doa, linafifia jioni, asubuhi limerudi vilevile. Rangi ya maji inaliyeyusha doa na kulivuta juu. Likishakauka kabisa, lipake kwanza mkono mmoja wa rangi nyeupe ya mafuta au praima ya mafuta, usubiri hadi kesho, ndipo urudishie rangi ya dari.

Dalili: rangi inabanduka chini ya ukuta na unga mweupe unatoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanapoteza pesa nyingi zaidi kwenye ugonjwa huu kuliko mwingine wowote, na wengi wanaopoteza walizichanga kwa shida.

Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi na tofali, yanabeba chumvi ya udongo na ya mchanga, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na chumvi inabaki ikisukuma rangi. Ndiyo maana kubanduka kunaanzia sakafuni na mara nyingi kunaishia chini ya mita moja hivi. Chanzo kikubwa ni nailoni iliyopaswa kulazwa juu ya msingi kabla ya tofali, ambayo haikulazwa au ilipasuliwa. Kingine ni udongo wa nje kupanda juu kuliko sakafu ya ndani: umemwaga kifusi, umetengeneza bustani ya maua iliyoegemea ukuta, au sakafu ya uani imeinamia nyumbani badala ya kuinamia nje. Kwetu ilikuwa bustani. Mama aliipenda, akaihamishia kando ya uzio.

Kama huna hakika ni maji ya ardhini au ni mvuke wa chumbani, bandika kipande cha nailoni safi ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache saa 24. Matone yakiwa upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, chumba kinakosa hewa.

Ndani ya siku kumi hutatibu msingi, na atakayekuahidi hivyo usimpe hela. Unachoweza ni kuufanya ukuta uwe na heshima bila kuuharibu zaidi. Kwangua rangi iliyolegea kwa skrepa, futa chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe. Maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani, na wiki ijayo iko nje tena. Piga msasa, acha siku mbili tatu na madirisha wazi, kisha paka rangi ya maji ya kawaida mikono miwili. Usipake rangi ya mafuta, wala kubandika marumaru ili kuficha. Vyote viwili vinaziba pumzi ya ukuta, na maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Nimeona nyumba ya jamaa ambayo chumvi ilikuwa chini ya goti. Baada ya kuzungushiwa marumaru za kufika kiunoni, ikahamia juu ya marumaru.

Makochi yaache hatua moja kutoka ukutani. Wageni hawatagundua, na kitambaa hakitashika unyevu.

Vidoa vyeusi vya pembe za bafu ni ugonjwa mwingine: ni ukungu, unatokana na mvuke usiotoka. Dawa ya klorini iliyochanganywa na maji inaufuta. Lakini usiichanganye wala kuifuatisha papo hapo na dawa ya kung'arisha choo yenye asidi, kwa sababu inatoa gesi inayochoma mapafu. Haraka za kuandalia wageni ndizo zinazowafanya watu wamimine vyote viwili kwenye ndoo moja.

Dalili: mlango haufungi

Usikimbilie randa. Tazama kwanza nafasi kati ya mlango na fremu. Ukiona nafasi kubwa juu upande wa bawaba, na kona ya juu upande wa kitasa ndiyo inayosugua, mlango umelala: skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Zitoe, jaza matundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, kata vilivyozidi, acha zikauke usiku kucha, rudishia skrubu ndefu kidogo. Milango mitatu ya kwetu ilipona hivyo.

Ukisugua urefu wote, umevimba kwa masika. Mbao inakunywa unyevu wa hewa, hasa ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi wengi hawaupaki rangi kwa kuwa hauonekani. Sugua chaki kwenye ukingo wa mlango, ufunge, ufungue: palipofutika ndipo panapogusa. Punguza hapo tu, kidogo sana, kwa msasa mkali au randa iliyowekwa kina cha chini. Ukikwangua sana Aprili, Agosti utaona mwanga wa korido umeingia chumbani. Mbao mpya uliyoifunua ipake vanishi siku hiyo hiyo.

Mlango unafunga lakini ulimi wa kitasa haushiki? Paka chaki kwenye ulimi, funga, uone umegusa wapi kwenye kibati cha fremu. Mara nyingi ni milimita mbili tu juu au chini, na tupa inatosha kulipanua tundu. Mlango wa choo cha wageni uwe na komeo linalofunga kwa ndani. Mama mkwe hawezi kukaa ameshikilia mlango kwa mkono.

Dalili: choo cha wageni kinanuka ilhali hakitumiki

Kinanuka kwa sababu hakitumiki. Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafu kuna kona ya bomba inayobakiza maji, na maji hayo ndiyo kizibo cha harufu ya karo, yaani shimo la majitaka. Choo kisichotumika wiki kadhaa, maji yanakauka, harufu inapanda. Mwaga lita moja kwenye kila tundu, subiri saa moja. Harufu ikiisha umemaliza, na rudia Ijumaa jioni. Isipoisha, fundi hakuweka ile kona kabisa, au choo hakijazibwa vizuri pale kinapokutana na sakafu.

Maji yanatiririka ndani ya choo mchana kutwa? Fungua tanki. Maji yakiwa yanamwagikia kwenye bomba la katikati, boya limewekwa juu mno. Lishushe hadi maji yasimame kama sentimita mbili chini ya mdomo wa bomba hilo. Maji yakiwa yamesimama vizuri na bado yanavuja, tia rangi ya chakula ndani ya tanki, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imechoka au ina uchafu. Ioshe, na ikiwa imekakamaa nunua nyingine.

Choo kinavuta kwa udhaifu ingawa tanki limejaa: tazama vitundu vilivyo chini ya ukingo wa bakuli. Maji ya kisima ya pwani mengi yana chumvi, na chumvi inaviziba. Itoe kwa waya, kidogo kidogo.

Ila choo kikigugumia, na ukikivuta maji ya bafu yanapanda kwenye tundu la sakafu, hilo si la raba. Fungua chemba zote, yaani vile visima vidogo vyenye mfuniko kwenye njia ya majitaka, ukianzia iliyo karibu na nyumba. Chemba ikiwa tupu, kizibo kiko kati yake na choo. Zikiwa zimejaa zote hadi ya mwisho, karo limejaa, na gari la kunyonya majitaka liitwe kabla ya Alhamisi. Watu sita zaidi kwa siku mbili ni maji mengi, na siku ya posa hakuna anayetaka gari lile getini.

Dalili: bomba linatoa maji membamba

Kama ni bomba moja tu, fungua kichujio cha mdomoni, ukiloweke kwenye siki au ndimu usiku mmoja, usugue kwa mswaki wa zamani. Kama ni yote, angalia koki iliyo chini ya tanki. Kwetu kuna mtu aliifunga nusu wakati wa ujenzi na hakuna aliyewahi kuirudisha. Bomba linalodondosha hata ukilikaza linataka washa mpya. Ukiendelea kulikaza utakata uzi wake.

Dalili: umeme unakatika, soketi inapata moto, bafu linatetemesha

Ukikatika papo hapo kila unapochomeka kifaa fulani, kifaa hicho kina shoti, kiweke kando. Ukikatika baada ya dakika kadhaa, umezidisha mzigo. Plagi yetu ya pini tatu za bapa mwisho wake ni ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni takriban wati 3,000. Birika la umeme linaweza kula wati 2,000, pasi 1,000 hadi 2,000. Vikiwa pamoja kwenye ekstensheni moja, umeshafika mwisho huo au umeuvuka. Asubuhi ya wageni wote wanataka kupiga pasi na wote wanataka chai, kwa hiyo vitenge: birika jikoni, pasi chumba kingine, kila kimoja soketi yake ya ukutani.

Soketi yenye weusi, yenye harufu ya plastiki iliyoungua au yenye joto ukiigusa, zima meni swichi na isitumike tena hadi ifunguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Na ukioga ukahisi maji yanakutetemesha mkono, zima meni swichi, funga bafu hilo, usimruhusu hata mtoto kuingia. Heta ya kuogea ya papo hapo inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi, na eathi (waya wa ardhini) inayofanya kazi. Afadhali mara elfu mgeni aoge maji ya kuchemshwa kwenye sufuria. Kubana swichi inayoning'inia unaweza mwenyewe, umeme ukiwa umezimwa na umejaribu taa ukaona haiwaki. Zaidi ya hapo usiguse.

Marumaru zinazolia tupu

Gonga kwa sarafu. Iliyolia tupu haina gundi ya kutosha chini. Fundi aliweka bonge katikati na kuacha kona hewani. Ikiwa moja au mbili njiani, zing'oe, ukwangue gundi ya zamani, uzilaze upya zikiwa zimepakwa mgongo mzima, na kazi hiyo iishe Jumatano ili grauti iwahi. Ikiwa ni chumba kizima, acha hadi wageni waondoke. Iliyonyanyuka usiifunike kwa zulia: mzee atajikwaa asichokiona.

Rangi ya kiraka haifanani na ukuta

Haitafanana, hata ukinunua namba ile ile, maana ya zamani imepauka. Usipake kiraka. Paka ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe. Pembeni jicho linakubali tofauti ndogo. Namba ya rangi iko kwenye kifuniko cha ndoo ya zamani. Ukikosa kifuniko, bandua kipande cha rangi chenye ukubwa wa kucha, upeleke dukani.

Ijumaa, saa kumi jioni

Hapo kazi zote zisimame, hata isiyoisha. Kusanya mbao, ndoo, saruji na misumari, vipeleke nyuma. Kisha ijaze nyumba kama itakavyojaa: washa taa zote na feni zote, jokofu likiwa linafanya kazi, chemsha birika, mtu mmoja aoge, mwingine aoshe vyombo jikoni, vuta vyoo vyote viwili kwa pamoja. Simama koridoni usikilize. Hakikisha na LUKU ina uniti za kutosha.

Sisi tulipofanya hivyo, tundu la sakafu ya bafu la wageni likagugumia. Tulifungua chemba ya kwanza, ilikuwa tupu. Kaka akaingiza mkono wenye glovu kwenye mdomo wa bomba, akatoa kipande cha saruji cha ukubwa wa ngumi, kilichoachwa na waliojenga lile bafu. Kilikuwa humo miaka yote, kikivumilia watu wanne. Wageni sita wangekigundua kesho yake saa nne asubuhi. Tulivuta tena vyoo vyote viwili, tukasikiliza, kimya. Uani ukaoshwa kabla ya magharibi.

Usiku huo vyumba vilivyopakwa rangi visilaliwe na watoto, na madirisha yabaki wazi, nyavu za mbu zikiwa mahali pake. Harufu ya rangi inatolewa na upepo peke yake. Udi unafuata asubuhi.